Sekunde Sita za Yasinta

Endagikot, Jumatatu mchana

Paskalina,

Leo asubuhi umenipa shikamoo mlangoni, umeshika beseni, nami sikukujibu. Ulidhani sikusikia. Nilisikia vizuri sana. Ukarudia, nikageukia jiko nikaanza kupuliza moto ambao ulikuwa unawaka wenyewe. Kwetu hapa mtu mzima hamnyimi mtoto marahaba hata akiwa amekosewa vipi, na mimi nimekunyima. Sasa hivi uko saluni unasukwa. Utarudi jioni, na kesho alfajiri unapanda basi. Nina saa tatu za kukuandikia sababu.

Habari za kuvaa sweta mpaka Babati na kutomwachia mtu begi lako, hayo bibi yako amekuimbia wiki nzima, na najua hutayafuata. Mimi nina jambo moja tu, na nimeshindwa kukuambia usoni. Nikikuangalia usoni najiona mwenyewe nikiwa na umri wako, na sipendi ninachokiona.

Unakwenda kutayarisha habari za biashara kwenye televisheni. Kituo kilekile, dawati lilelile nililolikalia miaka kumi na minne. Watu wa hapa wananipongeza mpaka kanisani. Mama, binti amekufuata, hongera. Nami natabasamu, maana ndiyo kazi niliyoizoea, kutabasamu juu ya kitu kilichooza.

Jana baada ya chakula ulileta simu mezani. Ukasema, "Mama, njoo uone ripoti yangu ya majaribio. Mhariri ameipenda, inatoka Ijumaa kwenye taarifa ya saa mbili." Nikavaa miwani. Soko la vitunguu saumu Mbulu lachangamka, sauti yako inasema, na sauti yako ni nzuri, sitakunyima hilo. Yakapita malori. Wakapita wabebaji na magunia. Kisha akatokea mwanamke wa kilemba chekundu, kikapu cha saumu kiunoni, anageuka, anaiangalia kamera, anacheka. Sekunde sita.

Nikakuuliza umeipata wapi. Ukasema kwenye kompyuta yangu, kwenye mafaili ya zamani. Nikakuuliza kama unamjua yule mwanamke. Ukapangusa kioo cha simu kwa kanga yako, halafu ukasema, "Ni sekunde sita tu, Mama. Nani atamjua? Na king'amuzi cha mjomba kimekatika tangu Pasaka."

Kumbe ulishafikiria mpaka king'amuzi cha mjomba.

Nikakuambia, "Ni nzuri." Nikakumiminia chai. Ukaenda kulala ukiwa na furaha, nilikusikia unakoroma. Mimi nilibaki na vikombe.

Kwa hiyo usije ukaniambia hukumjua Yasinta. Picha ya harusi yake na mjomba wako Bura iko ukutani kwa mjomba, juu ya televisheni, na umekula ugali chini ya picha ile likizo zako zote. Ulimjua vizuri kabisa. Ulichofanya ni kupiga hesabu ya nani ataona na nani hataona. Una kipaji, mwanangu. Ni kipaji changu.

Maneno yale ya nani atamjua ni yangu. Hukuyasikia popote, maana sijawahi kumwambia mtu. Yamekutoka tu mdomoni, na hilo ndilo lililonifanya leo nipulize moto uliokuwa unawaka.

Sasa nikuambie ambavyo hujui.

Picha ile niliipiga mimi, nikiwa na mpiga picha wetu, nilipokuja likizo. Wewe ulikuwa mdogo, unaishi hapa na bibi, unanifahamu kwa simu na kwa jina langu lililokuwa linapita mwisho wa kipindi. Bibi alikuwa anakuamsha ulione, na kabla hujafikicha macho limeshapita. Tulikwenda shambani kwa Bura kipindi cha mavuno. Yasinta alinidharau kwa upendo tangu siku alipoolewa. Alikuwa anasema, "Wifi, kazi yako wewe ni kutangaza bei ya vitu usivyolima wala usivyonunua." Siku ile nilimwambia apite na kikapu, asiangalie kamera. Akapita vizuri, hatua tatu. Akageuka akasema, "Wifi, nikitokea na sura mbaya nakufuata Dar, nalala kitandani kwako na saumu zangu." Ndiyo akacheka. Sauti tuliikata. Ikabaki picha ya kicheko peke yake.

Mwaka uliofuata alifariki, homa ya siku tisa. Nilikuja nikamzika, nikatupia udongo, nikasema maneno mazuri mbele ya watu, kisha nikarudi kazini. Bura alibaki ndani. Mjomba wako ni Mkristo wa kila Jumapili, lakini bibi yako alitaka desturi yetu ya zamani ifuatwe. Mwenye msiba hatoki kwake mpaka muda wake uishe, haendi mnadani, haingii kwa jirani, na jirani haingii kwake. Wakimletea kitu wanakiacha kwenye uzio. Hawakujaliwa mtoto, kwa hiyo alikaa peke yake na ng'ombe.

Yeye akiwa bado ndani, mimi huko Dar nilikuwa na shimo kwenye kipindi. Habari moja ya saruji ilikuwa imekufa alasiri, mhariri mkuu ananisimamia kichwani. Akanipigia dalali mmoja wa huku nyumbani. Alinisalimia kwa Kiiraqw. Mle chumba cha habari, katikati ya kelele zile, mtu ananisalimia kwa lugha ya mama yangu, ananiuliza mvua, ananiuliza ng'ombe. Nikalainika. Akaniambia wanunuzi wa nje wameingia Mbulu, bei ya saumu inapanda kila siku. Nikaandika kila alichosema. Swali moja tu sikuuliza, nalo hata mtoto wa shule angeuliza. Wewe mwenyewe, bwana, una saumu ngapi ghalani? Alikuwa nazo mpaka darini. Alikuwa anatafuta wa kumuuzia. Laiti angenipigia kwa Kiswahili, ningemkaba kwa maswali mpaka akate simu. Mtu akikupa bei, muulize kama yeye ni muuzaji au mnunuzi, na akikupa kwa lugha ya kwenu, muulize mara mbili.

Picha za siku ile sikuwa nazo. Nikamwambia mhariri wa picha achukue zile za mwaka uliopita. Alikuwa dada mmoja anaitwa Rehema, mpole, anafanya kazi bila kelele. Alifika kwenye kilemba chekundu akasimamisha. Akasema, "Dada, huyu si ndiye wifi yako uliyekwenda kumzika?"

Nikasema, "Ni sekunde sita tu. Nani atamjua?"

Akauliza, "Basi niandike chini kwamba ni picha za maktaba?" Nikakataa. Nilisema ukiandika hivyo habari inaonekana imechacha. Aliniangalia tu, akabonyeza.

Huku nyumbani watu walikuwa wamejaa dukani kwa jirani wanaangalia taarifa. Watoto walikuwa chini, mbele kabisa. Yasinta akatokea, anacheka, yuko sokoni, mzima. Watu wazima walinyamaza. Watoto hawakujua kunyamaza. Mmoja wao alichomoka, akakimbia gizani mpaka kwenye uzio wa Bura, akapiga kelele, "Mjomba! Aunti amerudi! Yuko sokoni!"

Huyo mtoto ni wewe, Paskalina. Hukumbuki, na bibi yako alitukataza tusikukumbushe. Ulikuwa na furaha. Umepeleka habari njema.

Bura alitoka. Hakuvaa hata viatu. Mtu mwenye msiba, ambaye hakutakiwa kuvuka uzio wake, alivuka akapita njiani akaingia dukani kwa watu. Walimpisha, lakini hawakumpisha kwa heshima. Walijibana ukutani wasiguswe naye. Alipofika, habari za biashara zilikuwa zimekwisha, ni michezo. Alisimama akaangalia michezo yote. Akaangalia hali ya hewa. Alingoja mpaka jina langu likapita mwishoni, kisha akageuka akaondoka. Wewe ulikuwa umemshika mkono.

Wazee walimrefushia muda wa kukaa ndani kwa sababu ya kuvuka ule uzio. Alikaa. Hakulalamika kwa mtu.

Kesho yake alinipigia. Tulisalimiana salamu zote, kama kawaida yetu, hakuruka hata moja. Mwisho akauliza, "Dada, alikuwa anacheka nini?"

Ningeweza kumwambia. Nilikuwa najua neno kwa neno. Nikamwambia ni kosa la mhariri wa picha, zile picha alizichanganya yeye. Lilinitoka upesi, hata sikulitafuta. Likishakutoka mara moja unalo. Wiki ile malalamiko yalipofika kwa mkubwa wetu, jibu nilikuwa nalo tayari, nikatoa lilelile. Rehema aliondolewa kazini. Nilimsindikiza hadi getini, nimembebea boksi la vitu vyake, akanishukuru kwa kumsindikiza. Sidhani kama alinidhihaki. Nadhani alijua, na aliona hakuna haja. Mimi nilipandishwa cheo kabla ya Krismasi.

Unanisikia? Nilipandishwa. Hakuna radi iliyonipiga. Watu wengi wanaokuonya juu ya kazi hii watakuambia ukidanganya utaumbuka. Hutaumbuka. Utasifiwa, utapewa kiti karibu na dirisha, na ipo siku utamfundisha binti mwingine namna ya kujaza sekunde sita. Kazi hii inasamehe kila kitu, na ndiyo sababu sikulala jana.

Unakumbuka nilipompeleka bibi yako hospitali Haydom, tukakaa siku nne? Ulikuwa kidato cha pili. Nikiwa kwenye benchi, nangoja aitwe, alikaa karibu nami mzee mmoja wa Getanuwas, mfugaji, fimbo yake katikati ya magoti. Nilimpa shikamoo, akaitikia, tukaanza kuongea kama watu wanavyoongea wakingoja. Akanisimulia mwaka alioamua kuwa mfanyabiashara. Alikuwa hajawahi kuuza kitu zaidi ya mbuzi. Aliona kwenye televisheni saumu za Mbulu zinavyogombewa, akauza ng'ombe wake, madume wawili wa kulimia, akanunua saumu kwa dalali fulani, magunia na magunia. Hakuna mnunuzi aliyekuja. Zilichipua, zikalainika, mwisho akazimwaga korongoni, na harufu ilikaa kwenye boma lake mwaka mzima. Mwanawe wa kiume aliondoka nyumbani kwa hasira kwa sababu ya wale madume, na hakurudi.

Nikamwambia, "Pole, baba. Labda hukusikia vizuri walichosema."

Akasema, "Mimi Kiswahili cha televisheni sikielewi sana, mwanangu. Nilimwona yule mama anavyocheka. Mtu hachekei hasara."

Alikuwa na viazi vitamu vya kuchemsha ndani ya karatasi. Akanimegea. Nikala, Paskalina. Nilikaa kwenye benchi lile mpaka saa nane, nikala viazi vyake, na sikumwambia mimi ni nani. Nilimwomba Mungu bibi yako aitwe haraka, si kwa sababu ya ugonjwa wake.

Baada ya hapo niliacha kazi. Wewe uliambiwa nimerudi kumuuguza bibi, na bibi alipona ukaona bado nipo. Ukweli ni kwamba sikuweza tena kumwangalia mtu anayecheka kwenye kioo. Nilipofika hapa, Bura alikuja na debe la mahindi, tukasalimiana. Hakuniuliza kitu zaidi ya kimoja. Kama ile picha bado ipo. Nilikuwa nayo. Ndiyo maana kila Jumapili baada ya ibada anakuja hapa, tunafunga mlango, na wewe ulikuwa unatucheka, eti mjomba na kompyuta ya mama, wanaangalia nini hao wazee. Ni hiyo. Anaiangalia mara tatu, haongezi. Anasema ahsante, anakunywa chai, anakwenda kulisha ng'ombe. Kwenye picha ya ukutani Yasinta amevaa shela na amenuna kama amelazimishwa. Anapocheka ni hapo tu, duniani kote.

Na wewe ukaingia humo, ukachukua, ukafunikia soko ambalo halipo. Nilikwenda Mbulu mjini wiki iliyopita, nimeliona soko. Wapo watu watatu, turubai moja, na mama mmoja anasinzia. Wewe pia uliliona. Ungeweza kulipiga picha vile lilivyo. Nakujua, uliangalia ukasema hii siyo habari.

Sasa nikuambie nilichofanya leo, halafu nikuache.

Ulipokwenda saluni nilivuka bonde nikaenda kwa Bura. Nilimkuta anapalilia. Nilisimama kwenye mtaro nikamwambia yote, hata kukaa sikukaa. Nilimwambia Rehema hakukosea, ni mimi. Nikamwambia dalali alivyonisalimia. Nikamwambia Ijumaa Yasinta atatokea tena, na safari hii aliyemweka ni wewe, na ulifanya hivyo ukijua king'amuzi chake kimekatika. Ndiyo, nimemwambia. Ulitaka nikufichie? Ningekufichia ningekuwa nakulea kuwa mimi.

Mwisho nikamwambia alikuwa anacheka nini. Kitanda changu, Dar, na saumu.

Alishika jembe lake muda mrefu. Alitabasamu kidogo hapo kwenye saumu. Nilingoja anitukane, nilikuwa nimejiandaa, nilikuwa nataka. Akauliza, "Inatoka saa ngapi?"

Nikamwambia saa mbili, Ijumaa.

Akasema, "Hebu nilipie king'amuzi, Dada. Mimi hiyo simu inanishinda. Na usiwaambie watu wa dukani. Nataka nikae kwangu, nivae viatu." Akapalilia kidogo, akasimama tena. "Safari hii nitawahi."

Nimemlipia. Kimeshafunguka.

Barua hii nimeiweka chini ya chapati zako, utaifikia ukishapita Babati. Wakati huo mjomba atakuwa ameshakubebea begi mpaka stendi, kama alivyokubebea sanduku la shule miaka yote. Hatakuwa amekuuliza kitu. Utakuwa umeshangaa kidogo kwa nini amekushika kichwa muda mrefu hivyo. Sasa unajua.

Utafika na una siku tatu. Ukiiacha picha kama ilivyo, kuna mzee mwingine huko Getanuwas au popote ana madume wawili. Ukiandika chini yake kwamba ni ya zamani, mhariri wako ataona soko halipo, ataitupa ripoti, na kazi yako ya majaribio itakwenda nayo. Ukiitoa, utakuwa mtu safi, na ndugu yangu atakaa kwenye kiti amenyoa ndevu, amevaa viatu, aangalie malori mpaka michezo ianze. Sina la kukushauri. Nimekaa na jambo hili tangu jana na kila mlango niliofungua kuna mtu anaumia nyuma yake. Mlango usioumiza mtu ulikuwepo, ulikuwa siku ile uliposimama mbele ya turubai na watu watatu, na umeshaufunga mwenyewe.

Nakupenda. Naliandika hapa mwishoni ili usiseme nimelitumia kukulainisha.

Ijumaa nitakuwa kwa Bura. Tutakaa chini ya ile picha ya harusi, yeye ataangalia televisheni na mimi nitamwangalia yeye. Taarifa ikiisha nitatoka nje penye mtandao, nikupigie. Utaniamkia kama ulivyolelewa. Ile shikamoo ya leo asubuhi bado ninayo. Siku hiyo ndiyo utajua kama nimeiitikia.

Mama yako